Paa, Moshi na Nyigu wa Pangani

Zamani hapa Pangani, mtu aliyetaka kununua nyumba ya makuti hakuanza kwa kukagua milango wala ukumbi. Alimwita fundi wa paa, na fundi akifika alipiga hodi, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akainua uso. Makuti yakiwa meusi kwa masizi na makombamoyo yanang'aa, aliridhika. Yakiwa ya kijivu na makavu, aliuliza nyumba hii imekaa bila mtu tangu lini, kisha akatoka kuzunguka upenu wote polepole, mikono nyuma, macho juu. Alikuwa anatafuta mchwa, panya, makuti yaliyooza na viota vya nyigu. Baba yangu aliifanya kazi hiyo, na babu yangu kabla yake. Mimi niliacha makuti nikashika nyundo ya bati, lakini desturi ya kuinua uso sikuiacha, na kila mwaka naona watu wakiumwa vibaya katika nyumba mpya, nzuri, za gharama kubwa, ambazo wazee wangu wangezikataa mlangoni. Ndiyo maana nataka kueleza jinsi nyumba za pwani hii zilivyoishi na nyigu, na jinsi kinga yetu ilivyotutoka mikononi.

Nyumba ya Kiswahili ya udongo anaijua kila aliyekulia pwani: baraza mbele, ukumbi katikati unaonyooka mpaka uani, vyumba huku na huku. Nguzo ni za mikoko, zinafungwa fito kwa kamba za kumbi, katikati hujazwa mawe na udongo. Paa lina pande nne, vipaa viwili virefu mbele na nyuma, na visusi viwili ubavuni. Jambo ambalo mgeni halioni haraka ni kwamba kuta hazikufika kwenye paa. Kati ya kichwa cha ukuta na makuti kuliachwa uwazi wa makusudi, ili joto litoke na upepo wa bahari upite usiku. Bila uwazi huo hakuna ambaye angelala Pangani mwezi wa Februari. Lakini uwazi uleule ulikuwa mlango wa popo, wa mijusi na wa nyigu. Na upenu, unaoshuka chini kuukinga ukuta wa udongo na mvua, uliwapa nyigu kila wanachokihitaji: kivuli, ukavu na mti wa kuning'inizia kiota.

Nyigu wanaotusumbua majumbani si wa aina moja, na wazee hawakuwachanganya. Wa kwanza ni dondola wale wembamba, wa rangi ya kahawia, kiuno kirefu, miguu ikining'inia wanaporuka. Wataalamu wanawaita Belonogaster. Mfaransa mmoja, Émile Roubaud, aliyekuja Kongo mwanzoni mwa karne ya 20 katika msafara wa kuchunguza malale, alivutwa na nyigu hawa akawafuatilia, na mwaka 1916 akachapisha utafiti mrefu juu ya nyigu wa Afrika. Mengi ya aliyoyaona anaweza kuyaona yeyote mwenye subira chini ya upenu. Kiota huanzishwa na jike mmoja au majike wachache. Kinaning'inia kwa kikonyo kimoja. Hakina asali, majana hulishwa nyama ya viwavi iliyotafunwa ikafanywa donge.

Kiota chenyewe ni karatasi. Nimekaa mara nyingi juu ya ngazi nikimtazama dondola akifanya kazi kwenye boriti kuukuu iliyopauka kwa jua. Anatua, anarudi kinyumenyume, na taya zake zinakwangua. Pakiwa kimya unausikia mkwaruzo. Akiondoka anaacha mstari mwembamba mweupe, na ana kidonge cha nyuzi za mti mdomoni. Anakilainisha kwa mate, anakipachika kwenye ukingo wa kijumba, anakikanda mpaka kinakuwa utando. Mwaka 1719 Mfaransa mwingine, Réaumur, aliwaambia wanachuoni wa Paris kwamba nyigu wanatuonyesha jinsi karatasi inavyoweza kutengenezwa kwa miti, wakati ambapo Ulaya ilikuwa ikiitengeneza kwa matambara. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla viwanda havijaifuata hoja hiyo. Mimi fundi nimechukua jambo la karibu zaidi: nyigu hutafuta mti uliozeeka, usiopakwa kitu. Sijapata kumwona akikwangua boriti yenye chokaa mbichi au mafuta.

Wa pili ni nyigu mfinyanzi, mweusi mwenye njano miguuni, anayejenga vibomba vya udongo ukutani, nyuma ya picha, ndani ya vidaka, hata kwenye kanzu iliyotundikwa muda mrefu. Huyu hana kundi. Jike hubeba tope kutoka ukingo wa kisima au chini ya mtungi unaovuja, hufinyanga chumba, hukijaza buibui aliowachoma wakapooza, hutaga yai moja, hufunga. Ni nadra kumchoma mtu. Katika sehemu mbalimbali za Afrika wajawazito wamekuwa wakila udongo wa viota hivi, sawa na wengine wanavyokula udongo wa kichuguu. Kumwendea mfinyanzi kwa moto na sumu ni kupoteza nguvu, tena ni kumwonea.

Kinga ya kwanza ya wazee ilikuwa moshi. Jiko lilikuwa la mafiga, uani au katika kibanda cha nyuma, na masika yakizidi moto uliingizwa ndani. Kuni za mikoko, makumbi na vifuu vya nazi vilitoa moshi mzito uliopanda, ukatanda chini ya makuti, ukapenya taratibu kwenye majani yenyewe. Paa la jikoni lilidumu kuliko la vyumbani, kwa sababu wadudu wanaokula makuti hawakulipenda, na nyigu nao hawakujenga humo. Hapa pana tofauti ambayo warina asali wanaijua vizuri. Nyuki akipulizwa moshi hukimbilia asali yake, hujaza tumbo na kupoa. Dondola hana akiba ya kukimbilia, hivyo moshi wa ghafla kwenye kiota kilichokomaa unaweza kumtoa akiwa na hasira zake zote. Kilichofaa kwa dondola ni moshi wa kila siku, uliomfanya achague mahali pengine tangu mwanzo.

Kinga ya pili ilikuwa chokaa. Ilichomwa papa hapa pwani: matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, moto ukawashwa, na kilichobaki kikamwagiwa maji na kuachwa kiive. Kwetu nyumba ilipakwa kila mwaka Ramadhani ikikaribia, kuta, nguzo za baraza na boriti zote zilizofikiwa na brashi, na mama alitia buluu kidogo ya kufulia ili weupe ukolee. Aliyepaka alilazimika kupanda ngazi, kusugua, kubandua vibomba vya udongo, kufika mpaka kwenye pembe ambako mwamba unakutana na makombamoyo. Kwa namna hiyo hapakuwa na pembe ya nyumba iliyokaa mwaka mzima bila kutazamwa na mtu.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ilikuwa ufagio. Mama alikuwa na ufagio wa chelewa aliofunga kwenye mwanzi mrefu, na alfajiri baada ya sala, umande ukiwa haujakauka na nyigu wamejikunyata, alizunguka nyumba akifagia chini ya upenu. Alifagia tando za buibui, na kwa kuwaondoa buibui alipunguza chakula cha majana wa mfinyanzi. Alifagia vijiota pia. Kiota cha dondola katika siku zake za mwanzo ni kikonyo na vijumba vitatu au vinne, upana wake haufiki ukucha wa dole gumba, na mara nyingi mlinzi wake ni mmoja tu. Kikiangushwa wakati huo, mwenyewe huruka huku na huku, hurudi kupanusa mara mbili tatu, kisha huenda zake. Kikiachwa mpaka majana wa kwanza watoke wakiwa nyigu kamili, ufagio hautoshi tena. Mvua za vuli au za masika zikishaanza, majani yanachipua, viwavi wanazidi na nyigu wanazidi nao. Majuma hayo mama alifagia kila siku.

Kiota kilichokomaa watu walikichoma usiku kwa mwenge wa makuti makavu. Hiyo ndiyo desturi ambayo baba aliichukia. Alituonyesha viwanja vilivyobaki misingi tu na kutuambia ni nani aliinua mwenge chini ya paa lake mwenyewe. Yeye alisubiri giza, akajifunika shuka mpaka usoni, akakivika kiota gunia lililolowa maji, akakata kikonyo na kuzamisha gunia zima kwenye pipa. Nimemwona akifanya hivyo akiwa mzee wa kutetemeka, na mkono wake haukutetemeka wakati huo. Wagema ndio walikuwa na shida kuliko sisi, kwa kuwa nyigu hufuata utamu wa tembo mpaka kileleni mwa mnazi, na huko juu mtu ana mkono mmoja tu wa kujitetea.

Nyumba za mawe za Pangani, zile za wafanyabiashara wa karne ya 19 upande wa mtoni, zilikuwa na habari nyingine. Paa lao ni bapa: boriti za mikoko zimepangwa karibukaribu, juu yake matumbawe na chokaa iliyopigwa ikashikana. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kama mita 3 au pungufu, na boriti za namna hiyo zilisafiri kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu mpaka Omani na Kuwait. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuwa ndani ya chombo cha Wakuwait kilichopakia boriti Rufiji, na aliieleza kazi hiyo kitabuni. Kenya ilipiga marufuku kupeleka mikoko nje mwaka 1982. Paa bapa halina upenu wala uwazi. Nyigu walibakiwa na madirisha na vidaka, na hivyo vilifutwa kila siku, kwanza na watumwa, baadaye na watumishi. Nyumba hizo zilipoanza kuachwa, mirathi ikagawanyika na watoto wakahamia Tanga, Unguja na Muscat, dondola waliingia kabla ya popo.

Mkonge nao uliacha alama yake kwenye mapaa. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyosalimika ni 62, na ilioteshwa Kikogwe, karibu na mji wetu. Mkonge ukishatoa ua lake refu hufa, na mti wa ua hilo, mrefu na mwepesi, ukawa fito na mapao ya watu wasio na uwezo wa kununua mikoko katika mkoa mzima wa Tanga. Ndani yake ni laini. Nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao waliupenda mno, na matundu waliyoyaacha yaliingiwa na nyigu wadogo wa peke yao.

Kisha likaja bati. Henry Robinson Palmer alipewa hataza ya bati la mawimbi mjini London mwaka 1829, lakini kwetu kwa muda mrefu lilikuwa la maghala na majengo ya serikali. Wengi waliokuwa na haja ya paa gumu waliezeka kwa madebe: debe la mafuta ya taa la galoni 4 likikatwa na kunyooshwa liligeuka kigae, na Dar es Salaam ilikuwa na mitaa iliyofunikwa hivyo. Tangu kampuni ya mabati ya ALAF ianzishwe Dar es Salaam mwaka 1960, bati limezidi kuenea mpaka vijijini. Mimi ni fundi wa bati na silitukani. Cheche haiwashi paa la bati, na hakuna kulibadilisha kila baada ya miaka michache, tena makuti mazuri ya viungo siku hizi wanayamudu wenye hoteli.

Lakini pamoja na bati, jiko lilihama. Moshi chini ya bati hauna pa kupenya, hivyo mafiga yalitolewa nje, ukaja mkaa, ikaja gesi. Chokaa ikawaachia nafasi rangi za dukani, zinazopakwa ukuta tu mpaka zipauke. Halafu likaja dari. Zamani uwazi wa paa ulionekana na kila aliyelala chali kitandani. Dari lilipoufunika, nyigu walipata chumba chenye joto, giza na ukavu, kisichoingiwa na mtu mwaka mzima. Na milango yake ni mingi. Tazama bati linapolala juu ya ukuta: kila wimbi linaacha tundu ambalo kidole kinapita, na nyumba ya kawaida ina matundu hayo kwa mamia. Bati la msauzi lina mawimbi mapana zaidi, kwa hiyo na matundu makubwa zaidi.

Niliitwa katika nyumba moja ya hapa mkoani baada ya fundi umeme kupanda darini kupitisha waya. Aliegemea ubao bila kujua kwamba chini ya ubao ule masega ya dondola yalikuwa yamepangana kutoka mwanzo wa chumba mpaka mwisho. Alidondoka pamoja na kipande cha dari hadi sebuleni, na hospitali walihangaika na uvimbe wa koo kabla hawajautazama mguu uliovunjika. Nilipopanda na tochi usiku wa pili, niliona masega ya mwaka ule yamejengwa kando ya masega makuukuu, makavu, yaliyokwisha kuhamwa. Nyigu walikuwa humo miaka, na familia ile ilikuwa ikila chakula chini yao bila habari.

Sumu ilienea katika kipindi hichohicho cha kuenea kwa bati. Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948, na kabla ya muda mrefu watu wenye pampu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Jirani zetu walikuwa uwanja wa jaribio kubwa: kati ya 1955 na 1959 kuta za nyumba za Upare na Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrin, kazi iliyosimamiwa na taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, juu ya Muheza. Unguja na Pemba nazo zilipuliziwa, mpaka 1968. Lengo lilikuwa mbu, na malaria ilishuka kweli. Watoto waliookoka hawana idadi, na hilo sitaki mtu alibishe. Lakini kwa upande wa nyumba, watu walizoea jambo jipya, kwamba wadudu ni kazi ya pampu na ya mtu wa kuja na pampu. Mkono uliokuwa ukishika mwanzi na ufagio ukapumzika.

Kuna kisa kinachonigusa sana kama mtoto wa fundi wa makuti, nacho kilitokea mbali, Borneo ya Kaskazini. Huko nyumba zilipuliziwa DDT dhidi ya malaria, na muda si mrefu mapaa ya majani yakaanza kuharibika kwa kasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1963 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ulieleza sababu. Viwavi wa nondo wa aina moja, wanaokula majani ya paa, walikuwa wakizuiwa na nyigu wadogo mno wanaotaga mayai ndani ya miili yao. Dawa iliwamaliza nyigu, viwavi wakasalia, na paa likaliwa. Baba hakupata kuisikia Borneo, ila alitukataza kuua kila kinachoruka juu ya makuti, na mkulima yeyote anayemwona dondola akibeba kiwavi kutoka kwenye mchicha anaelewa kwa nini.

Dawa ambayo tungeweza kuiita yetu ni pareto. Ua hilo lilitoka pwani ya Dalmatia, likapandwa Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1940 Kenya iliongoza dunia kwa pareto; nyanda zetu za juu za kusini zililima pia, na zinalima hadi leo. Humwangusha nyigu papo hapo, na huharibika upesi kwa mwanga wa jua, tofauti na dieldrin iliyokaa ukutani miezi na miezi. Makopo mengi ya kupulizia tunayonunua dukani yana dawa zilizobuniwa kwa kuiga pareto. Kiota kilichokomaa juu ya mlango wa darasa au kitanda cha mtoto, nakubali kipuliziwe, usiku, na mtu mzima aliyejifunika mwili mzima, awe mtu ambaye hajapata kuvimba vibaya kwa kuumwa. Petroli siikubali popote. Nyumba zinaungua hadi leo kama zilivyoungua kwa mienge.

Nikiezeka siku hizi, naziba mawimbi ya bati juu ya ukuta kwa saruji kabla fisha bodi haijapigiliwa, na penye haja ya hewa naweka wavu. Wavu wa kahawa peke yake hautoshi kwa kuwa dondola mwembamba anapita. Lazima uwepo wavu wa mbu nyuma yake. Mbao za upenu nazipaka mafuta, hata zile ambazo hazionekani kutoka chini. Naacha mlango wa dari unaopitisha mabega ya mtu, na namwambia mwenye nyumba apande na tochi vuli ikianza na masika yakianza, wakati kiota bado kina vijumba vya kuhesabika. Kisanduku cha mita, bomba la antena lililo wazi, tundu la kiyoyozi kilichotolewa, vyote navifunga. Vibomba vya mfinyanzi kwenye ukuta wa nje naomba viachwe. Wavu na saruji ya kazi yote hii gharama yake haifiki ile ya kofia za paa, lakini ndio mstari ambao mteja huukata kwanza akiletewa makadirio, maana hauonekani barabarani. Kwa hiyo siuandiki peke yake tena. Nauingiza ndani ya bei ya kuezeka, na vijana ninaowafundisha kazi nimewaambia wafanye vivyo hivyo.